Na Jahnava je?

Nimerudi kutoka Mayapur, mji mtakatifu wa waumini wa Hare Krishna huko Bengali Magharibi, India, ngoma za mridanga bado zinanilia masikioni. Jioni moja tumekaa sakafuni tunakula wali na dengu, mzee mmoja akasema mwanamke kufundisha sawa, ila kuwa guru wa kutoa diksha, kuwapokea wanafunzi rasmi, hapana. Mama aliyekuwa akitugawia chakula akatua ndoo: "Na Jahnava je?" Mke wa Nityananda huyo, mtakatifu wa mapokeo haya ya Krishna; karne ya 16 aliongoza jumuiya na alikuwa na wanafunzi wake. Mzee akadai yule hakuwa mwanamke wa kawaida. (Jibu la siku zote!) ISKCON, yaani jumuiya ya Hare Krishna, iliingiza mwanamke kwenye baraza lake kuu mwaka 1998, lakini hili la guru bado linawagawa. Mama hakubishana. Duru ya pili ya dengu, akamruka mzee.