Themomita haina betri

Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, meneja mpya ameingia juzijuzi tu na tayari kuna watu hawampendi. Mimi nampenda. Hakuitisha kikao wala nini, kazunguka tu na faili lake, akaingia bafu la ghorofa ya juu akachukua ile themomita ya maji ya kuogea akabonyeza, haikuwaka, akabonyeza tena, wapi. Halafu akasogea kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: digrii 41, 41, 41, kila siku 41, wiki nenda wiki rudi, peni ileile na mwandiko uleule. Akauliza tu, "Betri iliisha lini?" Mimi ndo nilikuwa namaliza shifti ya usiku, nimeshika mashuka machafu pale koridoni, nikaona nani ataanza kusema, hakusema mtu.

Kuna watu nyumbani nikiwasimulia wanacheka, yani mnagombana kwa ajili ya betri? Sikilizeni basi. Hapa Uingereza maji ya moto kwenye tangi la nyumba ya wazee yanatakiwa yakae digrii 60 au zaidi, kwa sababu yakiwa vuguvugu kuna bakteria wanaitwa Legionella wanazaliana humo na mzee akivuta hewani vile vitone vya maji anaweza kupata nimonia ikamwondoa. Sasa maji ya 60 hayohayo ukimwekea bibi wa miaka 90 ambaye ngozi yake imekuwa kama ganda la kitunguu, na kwa ile dementia yake, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hawezi hata kukwambia yanachoma, umemuunguza. Ndo maana kunafungwa valvu ya kuchanganya na ya baridi, ili kwenye bafu yasizidi 44. Na valvu inaharibika kama kitu kingine chochote, themomita ndo ya kukustua. Kwa hiyo ile 41 ya kubuni ilikuwa haimlindi mtu, ilikuwa inalinda faili.

Aliyekuwa anajaza ni binti wa watu, mgeni, kaja na viza ya kea, yani mhudumu wa wazee. Alishasema kwa seniya mmoja, yani kea wa juu yake, kwamba kidude hakiwaki, akajibiwa tutanunua, we hakikisha tu hakuna kiboksi tupu maana wakaguzi wakija ndo wanaangalia hivyo. Akanyamaza. Watu wanamlaumu na mi nawaambia acheni, viza yake imeshikwa na mwajiri, kampuni ikijitoa kumdhamini kwa kawaida anapewa siku 60 apate mwingine au afungashe, na tangu Julai 2025 wamefunga kabisa kuleta kea wapya kutoka nje kwa hiyo akirudi nyumbani ndo basi tena. Ana mkopo wa nauli, ana wadogo zake wanasoma. Wewe ungemrudia seniya mara ya pili kwa ajili ya betri?

Hapo ndo napoona haya mambo ya viwango yanakwama. Sheria zipo nzuri tu, kuna kanuni za 2014 za huduma kama hizi, kuna CQC, chombo cha serikali ambacho ndo kinakagua huku England na wakaguzi wake wanaweza kutokea bila taarifa, wanauliza mambo matano, kwanza kama pako salama, na la mwisho kama panaongozwa vizuri. Kwa maoni yangu hilo la mwisho lingetangulia, kwa sababu usalama wote unategemea kama yule wa chini kabisa kwenye rota, ile ratiba ya shifti, anaweza kufungua mdomo na kesho yake akakuta shifti zake ziko palepale. Meneja huyu hakumfokea yule binti. Kamnunulia themomita, akamwambia kuanzia leo ikifa acha boksi tupu na uandike imekufa. Wiki ileile binti kaleta slingi, kile kitambaa cha kumfungia mzee kwenye hoisti, ile mashine ya kumnyanyua, imeachia mshono karibu na kitanzi, kumbe alikuwa ameiona siku nyingi! Hoisti na slingi zake mtaalamu anatakiwa azikague kila miezi 6, lakini mshono hausubiri miezi 6, anayeuona ni yule anayemfunga nao mzee kila asubuhi.

Mimi kinachonitesa usiku ni milango. Wazee wengi hawapendi kufungiwa, na huwezi kuwalaumu, basi utakuta mlango wa kuzuia moto, unaotakiwa ujifunge wenyewe, umewekewa kiatu au kiti ukae wazi. Rosepark, nyumba ya wazee kule Scotland, iliungua Januari 2004 wakafa 14, na moto ulianzia kwenye kabati la umeme la koridoni, tena alfajiri watu wamelala, moshi ukaingia vyumbani na milango mingi ilikuwa wazi. Nikajaza fomu kuhusu chumba kimoja, nikasema mama mwenyewe anaogopa giza, hamna haja ya kubishana naye, mfungieni kile kishikio kinachoachia mlango wenyewe kengele ya moto ikilia. Kimefungwa. Sikuamini, nilizoea fomu zangu ziende zikalale.

Ila idadi ya watu usiku hapo bado. Sheria haitaji namba, inasema tu wafanyakazi wawe wa kutosha, na hiyo kutosha kila mtu ana kipimo chake. Sisi wawili usiku mzima, hoisti inataka watu wawili, kwa hiyo tukiwa tunamgeuza babu chumba cha mwisho na kengele ikalia upande wa pili nani anakwenda? Nimemuuliza meneja hivyohivyo. Kakaa na mimi tukaandika kila mzee anahitaji mikono mingapi na saa ngapi, akapeleka kwa wenye nyumba kuomba mtu wa tatu. Wamejibu wataangalia bajeti. Mzee mmoja kuanguka akavunjika nyonga ni bei gani kwenye hiyo bajeti yao sijui, na wala hawajaja kukaa na sisi usiku hata mmoja.