Saa za China ya kale: shichen 12, ke 100 na maji yenye vituko

Katika China ya kale, usiku na mchana viligawanywa shichen 12, kila moja saa mbili zetu. Ya kwanza, zi, ilianza saa 5 usiku ikaisha saa 7, hivyo usiku wa manane ukaangukia katikati yake. Wu ilishika saa 5 asubuhi hadi saa 7 mchana. Kila shichen ilikuwa na mnyama: zi panya, wu farasi, you jogoo. Kichekesho ni kwamba you ni saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, ilhali shichen iliyoitwa tangu zamani "kuwika kwa jogoo" ni ya saa 7 hadi saa 9 usiku.

Chini ya shichen kulikuwa na ke, na hapo hesabu ikagoma. Siku nzima ilikuwa ke 100, kila moja dakika 14 na sekunde 24, lakini 100 haigawanyiki kwa 12: kila shichen inapata ke 8 na theluthi. Mfalme Ai wa nasaba ya Han alijaribu ke 120 mwaka 5 KK, zikafutwa upesi. Mfalme Wu wa nasaba ya Liang aliweka 96 mwaka 507, kisha 108 mwaka 544. Ke 96, za dakika 15 kamili, zilikuja kudumu chini ya nasaba ya Qing, kuanzia 1645.

Kipimo chenyewe kilikuwa saa ya maji. Maji hutoka mtungi wa juu kwa bomba jembamba na kuingia wa chini, ambamo ufito wenye alama huelea na kupanda. Mtungi wa juu ukipungua, msukumo hupungua na saa huchelewa. Wengine waliongeza mitungi ya katikati. Yan Su, mwaka 1030, aliweka njia ya kumwaga maji ya ziada ili kina kisibadilike, na kwangu huo ndio ufundi wa hali ya juu. Baridi nayo huyafanya maji yawe mazito kutiririka. Ndiyo maana Huan Tan, enzi ya Han, aliisahihisha saa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku.

Usiku ulikuwa na geng tano, yaani zamu za usiku, toka giza kuingia hadi karibu na mapambazuko, kwa hiyo urefu wake ulifuata msimu. Kwa hesabu ya Han ya Baadaye, usiku mrefu kuliko yote ulikuwa ke 55 na mfupi kabisa 35: geng moja ni ke 11 au 7. Ufito mmoja usingetosha. Tangu mwaka 102 zilitumika fito 48. Ukikuta "geng ya pili" katika maandishi ya zamani, tafuta kwanza ni mwezi gani. Geng ya tatu pekee haina shida hiyo, kwa kuwa katikati yake huwa usiku wa manane daima.