Chunusi zangu zilipungua nilipoacha kusugua uso

Kwa miaka niliambiwa chunusi ni uchafu. "Sugua mpaka uso ung'ae!" Ushauri huo uliniumiza kuliko chunusi zenyewe, na hadi leo nikiusikia napandwa na hasira.

Nilipoanza kutumia dawa ya kuoshea uso yenye benzoili peroksaidi, kemikali inayoua vijidudu vya chunusi, nilichukua ya asilimia 10, nikiamini kali ndiyo inayoponya. Nikaosha asubuhi, mchana na usiku, nikisugua kwa kitambaa kigumu. Siku ya nne mashavu yaliwaka kama yamepakwa pilipili. Ngozi ikababuka pembeni mwa mdomo, hata jasho likawa linachoma. Chunusi? Palepale, tena zimezungukwa na magamba. Ikabidi niache kila kitu wiki 2, nikipaka losheni isiyo na manukato tu.

Mfamasia ndiye aliyenifungua macho: ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya 10, ila haiunguzi ngozi kiasi hicho. Tena dawa ya kuosha ukiisuuza papo hapo, unaimwaga kabla haijaua vijidudu. Hapo nikabuni mbinu ninayojivunia. Usiku napaka povu uso mzima, maana chunusi ya kesho haijaonekana bado, kisha napiga mswaki bila haraka. Nikimaliza kusukutua, dakika 2 au 3 zimeshapita, nasuuza. Sihitaji kutazama saa. Taulo liwe jeupe, kwa sababu dawa hii hupausha nguo. Foronya yangu ya bluu iliharibika ndani ya wiki moja.

Vile vidoa vyeusi vya puani, yaani vitundu vilivyoziba, havikuijali sana dawa hiyo. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 ndiyo iliyovilainisha, kwani huyeyuka kwenye mafuta na kupenya kwenye vitundu vya ngozi. Naitumia asubuhi, siku moja moja.

Wiki 6 za kwanza sikuona cha maana, na nusura nikate tamaa. Wenye mavimbe makubwa yanayouma ndani kwa ndani wamwone daktari wa ngozi mapema. Hayo huacha makovu. Mimi yamebaki madoa meusi tu palipokuwa na chunusi, yanafifia polepole tangu nianze kupaka kinga ya jua. Picha ya wiki ya kwanza na ya wiki ya 12 ziko pamoja kwenye simu yangu, na kila nikizitazama nafurahi.