Nilivyopima kama dawa za kawaida hupunguza kuchanganyikiwa baada ya kifafa

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: subiri kifafa kiishe, mpe mgonjwa dawa ya kawaida kama paracetamol, uone kama fahamu zitarudi upesi. Ni ushauri mbovu, na bado unanikera. Mtu aliyetoka kutukutika hamezi vizuri, kidonge kitampalia. Na hata akikimeza salama, paracetamol huchukua nusu saa hadi saa nzima kufikia kilele chake kwenye damu, na muda huo hali uliyotaka kuipima imeanza kuondoka yenyewe.

Wazo lenyewe linataka dawa itangulie. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walionyesha kwa panya kwamba kifafa kikishapita, mishipa ya damu ya eneo lililoathirika hujibana, oksijeni hushuka chini ya mmHg 10 na huweza kubaki chini kwa zaidi ya saa. Chanzo ni kimeng'enya COX-2, na kubana kwenyewe hupitia njia za kalsiamu kwenye misuli ya mishipa. Walipozuia kimojawapo mapema, oksijeni haikuanguka hivyo. Ndipo paracetamol, inayozuia COX-2, pamoja na jamaa za dawa za presha zinazoziba njia za kalsiamu, kama nifedipine na nimodipine, zikaanza kutazamwa upya.

Sasa, nani ajuaye saa ya kifafa kijacho? Jibu ni tiba ya mshtuko wa umeme kwa wenye sonona kali. Pale kifafa huletwa makusudi, mgonjwa akiwa usingizini, kwa saa iliyopangwa, na mtu yuleyule hurudi tena baada ya siku chache. Kila mgonjwa analinganishwa na yeye mwenyewe: siku moja paracetamol gramu 1, siku nyingine nimodipine miligramu 60, siku nyingine maji matupu, zamu zikipangwa kwa kura. Dawa inamezwa saa moja hadi mbili kabla, kwa funda dogo tu kwa kuwa tumbo linatakiwa kuwa tupu. Anayepima asijue kilichomezwa.

Kazi kubwa ilikuwa kupima. Nilianza kwa kuuliza, "Unajisikiaje?" Nikajibiwa "niko sawa" na watu ambao hawakuweza kutaja umri wao. Nikahamia maswali matano: jina, tarehe ya kuzaliwa, umri, mahali tulipo, siku ya wiki. Yanaulizwa kila dakika 5 tangu mgonjwa afumbue macho, na unaandika muda anapopata manne kati ya matano.

Matokeo yakaja mazuri kupita kiasi, siku zote, hata za maji matupu. Nililala kwenye kitanda cha mgonjwa nitazame anachokiona. Mbele yangu kulikuwa na kalenda. Kwenye shuka, jina la hospitali. Kifuani mwa muuguzi, jina lilelile. Na muuguzi, kwa wema wake, alikuwa akimwamsha mgonjwa kwa kumwambia leo ni siku gani. Baya kuliko yote, mgonjwa akikosea tulimsahihisha, naye baada ya dakika 5 aliturudishia jibu letu wenyewe. Tukatoa kalenda, tukageuza vitambulisho, tukakubaliana kwamba kila jibu, sahihi au la, hupokewa kwa "asante" tu. Tena maswali yaulizwe hata kabla ya tiba, kwa sababu wapo ambao siku ya wiki hawaijui tangu asubuhi.

Saa ianze kuhesabiwa kifafa kinapoisha kwenye EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Usitegemee viungo: dawa ya kulegeza misuli huficha kutikisika, na ubongo unaweza kuendelea mguu ukiwa umetulia. Dawa ya usingizi iwe ileile na kipimo kilekile kila mara. Kikibadilika, au midazolam, dawa nyingine ya kutuliza na kulaza, ikiongezwa, kikao hicho nakitoa kwenye ulinganisho, maana hutajua usingizi ni wa nini.

Kwa wenye kifafa wanaorekodiwa wodini kwa video na EEG, maswali matano hayatoshi. Kifafa kikianzia upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi maneno hupotea kwanza. Mtu anajua alipo ila hawezi kusema. Mwonyeshe vitu vitatu, baadaye aonyeshe kwa kidole alivyoviona. Pima nguvu za mikono yote miwili kwa kifaa cha kubana kwa kiganja, kwa sababu udhaifu wa upande mmoja, ambao Robert Bentley Todd aliueleza mwaka 1849, huweza kudumu saa nyingi ilhali fahamu zimesharudi.

Hapo pia ndipo nimodipine inapoleta matata. Dawa za kifafa carbamazepine, phenytoin na phenobarbital hulifanya ini liichakate haraka mno, kiasi kinachofika kwenye damu kinakuwa kidogo sana, ukasema dawa haifanyi kazi kumbe haikufika. Valproate, nayo dawa ya kifafa, hufanya kinyume: huipandisha, na presha inaweza kushuka vibaya, kwa hiyo presha ipimwe kabla na baada. Dawa hizohizo tatu za mwanzo huongeza pia sumu inayotokana na paracetamol kwenye ini. Ndiyo sababu nawakatalia wagonjwa wanaotaka kuimeza kila siku nyumbani wakingojea kifafa ambacho saa yake haijulikani.