Vielezi vya Kikorea: nilivyovishika pamoja na vitenzi vyake

Vitabu vingi vya wanaoanza Kikorea hupanga vielezi vya kadiri kwenye orodha: 항상 (hangsang) daima, 자주 (jaju) mara kwa mara, 가끔 (gakkeum) mara mojamoja, 전혀 (jeonhyeo) kamwe. Orodha hukaririka upesi. Kazi ni kuzungumza nayo. Kilichonisaidia mimi ni kuiweka kando na kuandika kila jioni sentensi chache za kweli kuhusu siku yangu, kila kielezi kikiwa na kitenzi chake, kisha kuzisoma kwa sauti.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo kwa msemaji wa Kiswahili ni muhimu sana. Sisi tunayo hu-. Ukisema "mimi hunywa chai asubuhi", kila mtu anajua ni mazoea. Kitenzi cha kawaida cha Kikorea hakitenganishi hivyo: 차를 마셔요 (chareul masyeoyo) inaweza kuwa nakunywa chai sasa hivi, au ni kawaida yangu kunywa chai. Ile kazi ya hu- mara nyingi hufanywa na kielezi: 아침에 보통 차를 마셔요, asubuhi kwa kawaida hunywa chai. Tangu hapo, kila hu- iliponijia kichwani nilitafuta kwanza 보통 (botong), 자주 au 항상. Na kielezi hutangulia kitenzi. "Nimekula sana" ni 많이 먹었어요 (mani meogeosseoyo), hiyo "sana" ikiwa mbele.

Kwa vielezi vya kiasi nilichagua kitu kimoja, kimchi (mboga za Kikorea zilizochachushwa na pilipili), nikakizungusha. 김치가 좀 매워요, inawasha kidogo. 아주 매워요, inawasha sana. 너무 매워요, inawasha mno. Kisha upande wa kukana: 별로 안 매워요 (byeollo an maewoyo), haiwashi sana, 전혀 안 매워요, haiwashi hata kidogo. 별로 na 전혀 hudai ukanushi mwishoni, na hapa Kiswahili kinatubeba, kwa sababu hata sisi "kamwe" huiambatanisha na kitenzi kilichokanushwa. 거의 (geoui) ndiyo ya kuangalia kwa makini, maana ina pande mbili: 거의 다 왔어요, tumekaribia kufika, 커피를 거의 안 마셔요, kahawa ni nadra sana niinywe. Hiyo niliiandika kwa pande zote mbili mpaka ikazoeleka mdomoni.

너무 inahitaji neno la ziada. Zamani kamusi ziliifungia kwenye maana ya kupita kiasi, kama "mno" ya kulalamika, ingawa watu walikwisha kuitumia hata kwa kusifu. Mwaka 2015 Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea ilikubali matumizi hayo ya kusifu, kwa hiyo 너무 예뻐요, "amependeza sana", haina shida. Kwa maoni yangu mwanafunzi aanze na 너무 na 진짜 (jinjja), kwa kuwa ndizo atakazozisikia kila mara kwenye maongezi. 매우 (maeu) ina harufu ya maandishi rasmi, inaweza kusubiri.

Ninayoipenda kuliko zote ni 좀 (jom). Maana yake ni kidogo, lakini kwenye ombi hulainisha sauti tu: 물 좀 주세요, naomba maji. Ni sawasawa na tunavyosema "hebu njoo kidogo" bila kupima chochote. Nilipoanza kuitia kwenye maombi yangu, Kikorea changu kilipata adabu ambayo sarufi peke yake haikunipa.

Mazoezi haya yanalipa hata kwenye TOPIK I, mtihani wa Kikorea wa ngazi ya mwanzo kwa wageni, wenye maswali 40 ya kusoma, yakiwemo ya kujaza nafasi wazi. Nikiona 안 (an) au 지 않아요 (ji anayo), yaani alama za ukanushi, mwishoni mwa sentensi na pengo kabla yake, 별로, 전혀 na 거의 ndizo ninazozijaribu kwanza.