Upanga wa buluu: rangi kwanza

Upanga wangu ni wa mapambo, umbo la katana, yaani upanga wa Kijapani, na bapa lake ni la buluu inayogeuka zambarau likipigwa na mwanga. Nakaa pwani, ambako hewa ya chumvi hula chuma usiku na mchana, kwa hiyo matunzo yake nayachukulia kwa uzito.

Ukaguzi. Niliuchomoa taratibu, makali juu, mgongo ukiteleza ndani ya ala ili ubavu usichubuke. Penye dirisha nikaona rangi ingali nzima. Ila kwenye makali chuma kiko wazi, na karibu na pete ya shaba inayobana mdomo wa ala kuna doa la kutu, dogo kama punje ya mtama.

Vifaa. Katika kisanduku cha matunzo kulikuwa na kile kifuko cha hariri chenye uchiko, unga wa jiwe la kunolea. Wajapani huugongagonga juu ya bapa ili unyonye mafuta ya zamani, kisha hupangusa kwa karatasi laini. Hiyo ni kazi ya chuma kitupu kilichosuguliwa. Juu ya rangi, unga ule ni msasa tu, na kila ukipangusa unaondoka na rangi kidogo. Nimeuweka kando kabisa, pamoja na siki na dawa za kung'arishia shaba.

Usafi. Kitambaa laini, maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo. Nafuta kutoka upande wa mgongo, kuelekea nchani, nakausha papo hapo. Doa la kutu nililitia mafuta, nikaliacha lilowe, nikalikwangua polepole kwa kijiti cha meno. Kahawia ikatoka, pakabaki alama ya kijivu. Sitapapaka rangi, kiraka huonekana kuliko alama yenyewe.

Mafuta. Choji ni mafuta ya madini yaliyotiwa ya karafuu; nilipofungua chupa nikasikia harufu ya Pemba kabisa. Yakiisha nitatumia ya cherehani. Ya kupikia hapana, huganda yakanata. Utando mwembamba unatosha, hasa kwenye makali, na baadaye nisiguse bapa kwa vidole, maana jasho lina chumvi.

Sasa umelala kwenye kilili chake, makali juu, mbali na jua linalopausha rangi. Bado mpini: kijiti cha mwanzi kinachoufunga kimelegea. Mpaka nichonge kingine, upanga hautapungwa na mtu yeyote.