Siku ambazo cherehani haikulia

Mwezi wa kwanza wa biashara yangu ya ushonaji nilikuwa nafungua saa mbili kamili asubuhi, mori umenipanda. Kufika mwezi wa tatu, mori ule sijui uliishia wapi. Kuna wiki nzima sikupata hata mtu wa kupunguza suruali. Nilikaa naipaka cherehani mafuta, cherehani yenyewe wala haikuwa na kiu.

Kilichoniokoa si moyo wa chuma (sina). Ni daftari. Kila jioni naandika kilichoingia, kilichotoka, na nani kachukua nguo kwa mkopo. Siku ya sifuri naandika sifuri, tena kwa kalamu ya wino. Nilipolipitia baada ya miezi sita, nikagundua kwamba ile hela niliyokuwa naiita faida ilikuwa na uzi, bitana, zipu na kodi ya chumba ndani yake. Nilikuwa nakula mtaji huku najipongeza!

Basi nikaanza kujilipa mshahara, mdogo kweli, na kinachobaki hakiguswi.

Subira nayo watu huiongelea kana kwamba ni kukaa tu. Mimi siku zile tupu nilifumua kola za mashati yangu mwenyewe na kuzishona upya, mpaka ncha zikatoka kali na zinalingana. Yule mama aliyekuja kunipa kazi ya sare za kwaya nzima alianza na shati moja tu. Aliigeuza kola, akaukwaruza mshono kwa ukucha, akaniuliza, "Hii umeshona mwenyewe?"